Ukienda kwa wakala, uliza habari za joto

Wenye magari ya haibridi wakikutana na fundi wa wakala, swali la kwanza halibadiliki: betri hii itakaa miaka mingapi? Nimelisikia tena hivi karibuni, klabu moja ya hapa Mombasa ilipokaribishwa katika karakana ya muuzaji wa magari mapya ili ipate ushauri wa matunzo. Fundi mkuu alijibu kama wanavyojibu mafundi wakuu wote, kwamba inategemea. Wanachama wakaandika kwenye daftari: inategemea.

Simlaumu fundi. Betri haina tarehe ya kufa iliyoandikwa mahali. Inachakaa haraka au polepole kulingana na joto inalofanyia kazi, na joto hilo lina njia zake za kuingia na kutoka ambazo mwenye gari anaweza kuziona kwa macho na kuzisafisha kwa mkono wake. Klabu inayokwenda kwa wakala kuuliza miaka hurudi na makisio. Inayokwenda kuuliza gari linapoaje hurudi na kazi ya kufanya Jumamosi asubuhi.

Kwanza tuyajue magari yenyewe. Toyota iliitoa Prius nchini Japani Desemba 1997. Zilizojaa hapa kwetu ni za kizazi cha tatu, kilichotoka mwaka 2009, pamoja na mdogo wake Aqua aliyeingia sokoni Desemba 2011. Ongeza Axio na Fielder za haibridi za 2013, Honda Fit ya mwaka huohuo, na Nissan Note e-Power iliyotoka Novemba 2016. Yote haya yalianza maisha Japani, yakatumika huko, yakauzwa mnadani, yakapakiwa melini. Sheria ya Kenya inakataa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na waagizaji wengi husubiri mpaka karibu na ukomo huo kwa sababu ndipo bei inapokuwa nafuu. Huko Japani, dhamana ya Toyota kwa sehemu za haibridi ni miaka 5 au kilomita 100,000, kitakachotangulia. Piga hesabu: dhamana imekwisha kabla meli haijatia nanga Kilindini.

Hapa ndipo ushauri wa wakala unapopwaya, na sisemi kwa ubaya. Ratiba yake ya matunzo imeandikwa kwa ajili ya gari aliloliuza mwenyewe, analolijua tangu kilomita ya kwanza. Anajua lini oili ilibadilishwa na ilikuwa ya aina gani. Gari letu linashuka bandarini likiwa halina kumbukumbu. Kitabu cha huduma, kama kimo, ni cha Kijapani, na kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ni za kuaminika kwa kadiri unavyoiamini karatasi ya mnada. Kulipa gari la namna hii ratiba ya kila kilomita 10,000 ni kuanza hesabu katikati. Huduma ya kwanza ya haibridi ya mtumba inapaswa kuwa uchunguzi, na uchunguzi huo ndio klabu iende kuudai.

Sasa tuingie kwenye joto. Prius ya kizazi cha tatu ina moduli 28 za nikeli-metali haidraidi, kila moduli ina seli 6 na volti 7.2, na zote zimeungwa kwa mfuatano mmoja hadi kufikia volti 201.6. Aqua ina moduli 20, volti 144. Mzigo wote huo umekaa nyuma: katika Prius uko nyuma ya kiti cha nyuma cha abiria, katika Aqua uko chini yake. Kinachoupoza ni feni ya umeme inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, hewa ileile anayoivuta abiria.

Jambo hilo dogo linapindua mazoea ya madereva wengi wa Pwani. Yupo dereva anayezima AC ili petroli ikae, akashusha vioo vyote, akajiona mjanja. Mwezi wa Machi saa nane mchana, hewa anayoiingiza ina nyuzi 32 au zaidi na imebeba vumbi la barabarani. Feni ya betri inaivuta yote. Petroli aliyookoa ni ya kweli, lakini anailipa upande wa pili, na risiti yake huja baada ya miaka miwili mitatu. Ushauri wangu ni mkavu: ukiona abiria anajipepea kwa gazeti, washa AC, kwa sababu betri nayo iko katika hali hiyohiyo.

Siku ile karakanani fundi hakuanza na kompyuta. Alimwendea mzee mmoja mwenye Aqua ya teksi, akafungua mlango wa nyuma, akapiga goti.

"Mzee, kidirisha hiki umekiona lini mara ya mwisho?"

Mzee alikuwa hajui kama kipo. Si kosa lake. Alikuwa amevisha viti makava ya ngozi bandia yaliyoshonwa mtaani, yakavutwa mpaka chini na kukazwa kwa mpira, yakakifunika kidirisha cha hewa chote. Fundi alipoling'oa kava na kufungua plastiki, yalitoka maganda ya njugu, nyuzi za zulia na risiti ya petroli iliyokunjwa. Makali ya feni yalikuwa yamevaa tabaka la vumbi la kijivu, nene kiasi cha kung'oka vipande. Alilisugua kwa brashi ya kupakia rangi, akalifuta kwa kitambaa kikavu. Kazi nzima ilimalizika kabla chai haijapoa. Gari lilipowashwa na feni kuamriwa izunguke kwa kasi ya juu, sauti yake ilisikika mpaka nje, na mzee akasema hajawahi kuisikia tangu alinunue.

Matoleo mengine yana kichungi chepesi mbele ya feni, mengine hayana. Yenye kichungi hayana usalama zaidi ikiwa mwenyewe hajui kama kipo, kwa maana kichungi kilichoziba kinanyima hewa vilevile.

Hewa ikipungua, haziumii moduli zote sawasawa. Za katikati zimebanwa na nyingine pande zote mbili, hivyo hubaki na joto kuliko za pembeni, na mara nyingi ndizo zinazotangulia kuchoka. Kwa kuwa zimeungwa kwa mfuatano, moja ikilegea mzigo wote unaisubiri. Kompyuta ya gari inazisoma kwa jozi, 14 katika Prius, na ikiona jozi moja imeachana mno na nyingine inaandika kodi P0A80 na kuwasha taa. Mtaani kodi hiyo husomwa kama hati ya kifo. Maana yake halisi ni finyu zaidi: zipo jozi ambazo hazilingani na nyingine.

Ndiyo maana nasema klabu isikubali neno "betri iko sawa" kama majibu ya kipimo. Wakala ana programu ya Toyota inayoonyesha volti ya kila jozi na usomaji wa vipimajoto vilivyomo ndani ya betri. Gari likiwa limesimama kivulini, karibu kila betri huonekana nzima. Lipimwe likiwa kazini, AC ikiwaka, kwenye mwinuko. Kwetu sisi mwinuko wa kuelekea Mazeras unatosha. Tofauti ya sehemu chache za kumi za volti kati ya jozi si jambo la kukukosesha usingizi. Tofauti inayokaribia volti nzima, tena kwenye jozi ileile kila mara, ni ugonjwa. Omba karatasi yenye namba hizo zote, uiweke. Karatasi moja haina maana kubwa, lakini ukiwa na ya mwaka huu na ya mwaka ujao, kwa jozi zilezile, utajua betri inashuka kwa kasi gani, na swali la miaka litaanza kujijibu.

Joto la pili liko mbele, chini ya boneti, kwenye inveta. Hiki ndicho chombo kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha mota, na hupandisha volti sana: katika Prius ya kizazi cha tatu hufika 650, katika Aqua 520. Kazi hiyo huzalisha joto kali, na inveta ina maji yake ya kupozea, yenye tangi dogo na pampu ya umeme peke yake, mbali na maji ya injini. Mafundi wengi wa mtaani wanalijua tangi la injini tu. Tangi la inveta linaweza kukaa miaka halijaguswa, au likaguswa vibaya, jambo ambalo ni baya kuliko kutoguswa.

Kuguswa vibaya ndiko huku: maji yakipungua, mtu anajaza ya kisima. Sehemu kubwa ya Mombasa na vitongoji vyake maji ya kisima yana chumvi, na anayeishi hapa haambiwi chumvi inafanya nini kwa aluminiamu. Tangi hilo linataka kulanti ya waridi ya Toyota, iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, isiyoongezwa hata kikombe cha maji. Kwa Prius za kizazi cha pili kuna ukaguzi rahisi wa pampu: injini ikiwa baridi na gari limewashwa, fungua kifuniko cha tangi la inveta uchungulie. Maji yanapaswa kutikisika na kuzunguka. Yakitulia tuli, pampu imekufa, na inveta itaifuata. Pampu ni kitu cha bei ndogo. Inveta sivyo.

Joto la tatu linawahusu hasa wenye Prius ya kizazi cha tatu, yenye injini ya lita 1.8. Injini hii hurudisha sehemu ya moshi wake ndani ili kupunguza joto la uunguzaji, na moshi huo hupitia kwanza kwenye kipozeo cha EGR. Baada ya miaka kipozeo huziba kwa masizi. Moshi ukikosa njia, joto ndani ya silinda hupanda, na gasketi ya hedi hulipa deni. Dalili mwenye gari anaziona mwenyewe: gari linatetemeka kama lina homa likiwashwa asubuhi kisha linatulia, na kulanti inapungua bila tone kuonekana sakafuni. Mawakala wengi hawana usafishaji wa kipozeo hiki kwenye ratiba. Klabu ulizeni kwa jina lake, na mwulize bei ya kukisafisha kabla hamjafika kwenye bei ya kubadilisha injini.

Oili nisiipitie kwa muda mrefu, ila kosa moja limeenea mno. Injini ya haibridi huzimika na kuwaka mara nyingi katika safari moja, hata katika foleni ya kivuko cha Likoni peke yake, na kila inapowaka inahitaji oili ifike juu upesi. Kiwanda kinataka 0W-20. Mtu anayeimiminia 20W-50 kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto ameupa mfumo oili nzito pale unapohitaji nyepesi. Gia boksi ya haibridi za Toyota nayo, ingawa kwenye matangazo huitwa CVT, haina ule mkanda wa CVT za kawaida. Ndani yake kuna meno ya sayari na mota mbili, na kimiminika chake ni ATF WS. Nimeona likitiwa la CVT kwa sababu ya herufi hizo tatu tu. Breki hudumu sana, kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi, lakini ndiyo hiyohiyo sababu ya kuzifungua na kuzipaka grisi, maana pini za kaliper zisizofanya kazi hugandana, na hewa ya bahari inasaidia kuzigandisha. Na ile betri ndogo ya volti 12 isidharauliwe. Ikifa, gari halitawaka hata betri kubwa ikiwa imejaa pomoni. Katika Prius na Aqua imekaa ndani ya gari, kwa hiyo inatakiwa iwe ya aina yenye mpira wa kutolea gesi nje. Kuweka betri yoyote ya dukani inayotosha kwenye nafasi hiyo ni kuhifadhi gesi ya haidrojeni pamoja na watoto wako.

Lipo suala moja ambalo wakala analiweza kuliko fundi yeyote wa mtaani, na klabu nyingi hazilitaji kabisa: magari yaliyoitwa kiwandani. Februari 2014 Toyota iliita Prius milioni 1.9 duniani kote kwa ajili ya kasoro ya programu iliyoweza kuunguza sehemu za inveta. Oktoba 2018 iliita tena haibridi takriban milioni 2.4, safari hii kwa sababu gari lenye hitilafu lingeweza kuzimika barabarani badala ya kuendelea polepole hadi pembeni. Honda nayo iliiita Fit ya haibridi mara tano katika muda wa mwaka mmoja hivi hadi Oktoba 2014, hasa kwa matatizo ya gia boksi yake ya klachi mbili, na wakuu wa kampuni wakakatwa mishahara.

Marekebisho ya namna hii hufanywa bure kwa mwenye gari Japani. Lakini barua ya mwito hupelekwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa, na gari lililokwisha kupanda meli halina anwani. Kwa hiyo kuna Prius zinazotembea Nyali na Changamwe ambazo hakuna ajuaye kama programu yake ilibadilishwa. Namba ya chasi inatosha kujua. Klabu ikusanye namba za chasi za wanachama wote katika orodha moja, iikabidhi kwa wakala kabla ya siku ya ziara, na iombe majibu kwa maandishi. Baadhi ya mawakala watasema hawawajibiki kwa magari wasiyoyauza, nao kisheria huenda wana hoja. Mtu mmoja akisimama kaunta na hoja hiyo atarudishwa nyumbani. Magari thelathini yenye orodha iliyopigwa mhuri na barua ya mwenyekiti ni wateja thelathini wa baadaye, na meneja wa huduma anajua kuhesabu.

Halafu linakuja lile linalozua ubishi kila mara: betri ikichoka kweli, ibadilishwe yote au moduli mbovu tu? Wakala atakuambia yote, na klabu itanung'unika kwamba anataka kuuza. Anataka kuuza, ndiyo. Lakini pia hawezi kuitolea dhamana betri yenye moduli za umri tofauti, kwa sababu iliyopachikwa na zilizoachwa hazitajaa wala kuisha pamoja, na zile zilizobaki zimeishi joto lilelile lililoiua ya kwanza. Fundi wa jua kali anayebadilisha moduli mbili anakuuzia muda. Mimi naiona kazi hiyo kama mkopo: si haramu, mradi ujue kwamba unadaiwa. Dereva wa teksi anayehitaji miezi minane ya kazi ili apate fedha ya betri nzima anafanya uamuzi wa akili. Aliyeambiwa kwamba gari limepona ametapeliwa. Na kama ni lazima moduli zibadilishwe, basi fundi apime uwezo wa kila moja kwa kuichaji na kuimaliza chaji, azipange zinazolingana, asafishe feni, na abadilishe vipande vya shaba vya kuunganishia vilivyoota kutu ya kijani. Asiyefanya hayo amepachika tu.

Kuna jambo la usalama hapa ambalo silifanyii mzaha. Nyaya za rangi ya machungwa chini ya gari na ndani ya boneti hubeba umeme wa kuua. Fundi wa wakala, kabla ya kuzigusa, huzima gari, huondoa ufunguo na kuuweka mbali, hutenganisha betri ndogo, huvaa glavu za mpira zilizopimwa kwa volti 1,000, huchomoa plagi ya usalama ya betri kubwa na kuitia mfukoni mwake ili asije mtu akairudisha, kisha husubiri dakika 10 ili umeme uliohifadhiwa ndani ya inveta uishe. Akimaliza kusubiri bado hupima kwa mita kabla ya kugusa. Klabu iombe ionyeshwe utaratibu huo wote hatua kwa hatua, na wanachama waje na mafundi wao wa mtaani. Mawakala wengine hawapendi kuwafundisha wanaowachukulia wateja. Hata hivyo gari litafunguliwa mtaani, wapende wasipende, na kijana anayelifungua huko Kongowea huenda ana bisibisi na ndala tu.

Jambo la mwisho ni la mpangilio wa klabu yenyewe. Klabu ile ya karakanani, iliyonialika, ilikuwa na Toyota, Honda na Nissan, na wote walikwenda kwa wakala mmoja, wakasikiliza hotuba moja. Nusu yao waliondoka na ushauri usiowahusu. Note e-Power haina gia boksi ya sayari. Injini yake ya lita 1.2 inazalisha umeme tu na magurudumu yanazungushwa na mota. Betri yake ni ya lithiamu na iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo mwenye Note aliyekwenda nyumbani kutafuta kidirisha chini ya kiti cha nyuma alitafuta bure. Fit ina klachi mbili kavu zinazochukia foleni, na mwenye Fit alipaswa kuuliza kuhusu programu ya gia boksi kabla ya kitu kingine chochote. Klabu ijigawe kwa aina za magari, kila kundi litume watu wake kwa wakala wa gari lake, na karatasi za vipimo ziwekwe kwa katibu mmoja. Mwenye Note aanze kwa kuondoa mifuko ya sokoni aliyoisukumia chini ya kiti cha dereva.